Kunyoa Mara ya Tatu

Nanyori alimnyoa mdogo wake Lemayian kichwa kizima, kisha akampa wembe amnyoe yeye. Ilikuwa mara ya tatu tangu Wadachi wapande huku Meru.

Mara ya kwanza walimnyolea baba, aliyenyongwa mchana kweupe, watu wote wamelazimishwa kutazama. Mara ya pili mama, aliyeungulia ndani nyumba zilipochomwa.

"Na leo tunamnyolea Koi..."

Nanyori akampiga kofi la mdomo. "Usimtaje! Marehemu hatajwi jina. Umesahau mila?"

Koikai, kaka yao mkubwa, alikamatwa akabebeshwa mizigo ya Wadachi. Mwaka mzima walimtunzia ngozi yake ya kulalia. Jana Nanyori alirudi kutoka kubeba mawe ya boma pale Arusha, akaichukua ile ngozi, akaitia motoni. Hakulia.

"Maiti uliiona?" Lemayian aliuliza.

"Nilimwona kwa macho yangu haya."

"Nani kamuua?"

"Askari. Yupo palepale bomani. Kesho nitakuonyesha."

"Nitampasua kichwa kwa jiwe, dada. Waninyonge tu kama baba."

"Ukiona mkono unatetemeka, jiwe nipe mimi."

Asubuhi walipanga mstari, kila mtu na jiwe lake kichwani. Siku hizi mnaambiwa boma lile lilijengwa na Mdachi. Mdachi yupi? Hakubeba hata kokoto! Zilibeba shingo za baba zetu, na aliyesimama kupumua alilazwa kifudifudi akala viboko hamsa ishirini.

Siku hiyo alilazwa mzee wa Kimeru, mvi kichwa kizima. Askari mmoja, kawapa mgongo, alimshushia kiboko kwa nguvu zote, kama vile mzee yule hakuzaa.

"Huyo," Nanyori alinong'ona.

Lemayian alilishusha jiwe kichwani. Akalishika kwa mikono miwili, akanyata hadi nyuma ya askari. Mkono haukutetemeka. Akaliinua.

Askari akageuka. Hakulitazama jiwe. Alivitazama vile vichwa viwili vyenye upara mpya, kimoja hapa, kingine kule nyuma, na kiboko kikamponyoka.

"Nanyori, mdogo wangu," alisema kwa lugha ya nyumbani, "mbona mmenyoa? Nani amekufa?"