Nyumba ya Matofali, Annandale

"Mna watoto wangapi?" dalali aliuliza.

"Wawili," akajibu Honorata.

"Watatu," akajibu Fredy papo hapo.

Dalali, mama wa Kizungu mwenye mkufu wa lulu, aliinua macho. Honorata akawahi kucheka. "Mimi huwahesabu wa hapa tu. Wa tatu yuko Moshi kwa bibi yake."

Dalali naye akacheka, mazungumzo yakaendelea. Fredy alimweleza kwamba yeye ni mhasibu na Honorata ni nesi, kwamba kwa sasa wamepanga, na kwamba benki imeshakubali kuwapa mkopo. Wameona tangazo la nyumba ya matofali hapa Annandale. Wangependa kuiona leo.

"Oh, ile," dalali akasema, bila hata kugusa simu. "Imechukuliwa asubuhi hii."

"Hakuna nyingine ya jirani?" aliuliza Honorata.

"Kwa sasa hakuna. Lakini niwaambie kitu, kama marafiki. Vukeni mto mwende Maryland, pande za Upper Marlboro. Kwa pesa hizo hizo mtapata nyumba kubwa zaidi. Tena mtajisikia nyumbani. Watu wenu wengi wako huko."

"Watu wetu wepi?"

Dalali akatabasamu tu, akamsukumia kadi ya mwenzake wa Maryland.

Honorata aliitazama kadi. Maneno hayo alishawahi kuambiwa na dalali mwingine, mwenye tabasamu kama hilo hilo. Aliamini, akanunua huko. Nyumba haikuwa na kasoro, na majirani walikuwa watu wazuri, walimu na mawakili weusi waliozitunza bustani zao kama watoto. Lakini duka la maana lilikuwa mbali, na mthamini wa benki alipokuja aliutazama mtaa kuliko alivyoitazama nyumba. Mwenzake wa wodini alinunua Annandale mwaka ule ule, kwa bei ile ile. Sasa nyumba ya mwenzake ilikuwa imepanda thamani hata ikamsomeshea binti chuo. Ya Honorata ilikuwa palepale, au karibu na palepale.

Nje, Fredy hakuwasha gari.

"Zamani mabenki yalikuwa na ramani," alisema. "Mitaa ya weusi inapakwa wino mwekundu. Ukiishi humo, mkopo sahau. Ilishapigwa marufuku kabla sisi hatujazaliwa."

"Wino ulifutwa kwenye karatasi," Honorata akasema. "Huyu mama bado anao kichwani."

"Pole, dada."

"Usinipe pole. Twende tukaione hiyo nyumba, hata kwa nje."

Fredy alisita kama mtu anayeombwa kuvunja sheria. Kisha akawasha gari.

Nyumba ilikuwa nzuri kuliko kwenye picha. Dirisha la jikoni lilitazama mti uliojaa maua meupe, na Honorata alijiona kabisa amesimama pale na kikombe cha chai, viatu vya kazini ameshavivua, hana haraka ya kwenda popote. Bango la kuuza bado lilikuwa limesimama kwenye majani.

Hawajakaa sana, gari la dalali likaingia. Alishuka na vijana wawili wa Kizungu, mume na mke. Akawafungulia mlango. Walipotoka, alikuwa amemshika yule mke kiwiko, anamwonyesha paa, anamwonyesha uwanja, anamwonyesha njia ya kwenda shule. Walikuwa wanacheka wote watatu.

Honorata akashika mlango wa gari.

"Usishuke," Fredy alimzuia. "Ukishuka utaharibu kila kitu."

"Kuna kitu gani kimebaki cha kuharibu?"

Lakini hakushuka. Alipiga dashibodi kwa kiganja mpaka kikamuuma, Fredy akageuza gari kuelekea mjini.

Walikwenda moja kwa moja kwa Genoveva, wakili wa chama cha kutetea haki za makazi. Genoveva alimsikiliza Honorata peke yake, kisha Fredy peke yake, kisha akawaita pamoja.

"Amesema 'watu wenu'? Kwa maneno hayo hayo?"

"Hayo hayo," alisema Honorata. "Halafu tukawaona wale Wazungu wakifunguliwa mlango. Nyumba imechukuliwa asubuhi, mchana inaonyeshwa!"

"Hamkutakiwa kwenda pale." Genoveva alivua miwani. "Je, dalali angewaona? Wale vijana ni wa kwetu, tumewatuma kumpima dalali kama tulivyowatuma ninyi. Tena kipato tulichowapa wamtajie ni kidogo kuliko chenu."

Honorata aliketi.

"Kesi hii tutashinda," Genoveva akasema.

"Mimi niliitaka ile nyumba," Honorata akasema. "Niliitaka kweli."

Fredy aliangalia saa, akaomba radhi: mke wake alikuwa anamsubiri wakachukue watoto shule. Akampa Honorata mkono, akamwambia amefurahi kumfahamu.

Mlango ulipofungwa, Genoveva alimsogelea.

"Jitahidi upumzike," alisema taratibu. "Kesho uko Herndon, kwa dalali mwingine. Mumeo atakuwa Mkenya, anaitwa Gichuki."