Kiti cha Marehemu

Mjane aliinama ndani ya gari, akakinusa kiti cha dereva. Akanusa tena. Muuzaji alisimama kando na ufunguo mkononi.

Mwezi mzima hakuwa ameuza hata gari moja. Bosi alishamwambia bila kupepesa macho: wiki hii ikiisha mikono mitupu, kibarua kimeota nyasi. Na huyu mama hakutaka gari jingine lolote ila la marehemu mumewe, alilowauzia hapo yadini mwaka jana katikati ya msiba, akili haijamkaa sawa. Jamani, msiba ni mshauri mbaya.

"Nitakutafutia, mama," muuzaji alikuwa amemwambia alipokuja mara ya kwanza. "Nipe tu alama, nisije nikakuletea silo. Meupe kama hilo yako mengi."

"Kiti cha dereva kina tundu la sigara, upande wa kulia. Mzee alikuwa bomba la moshi yule! Nikimgombeza, anacheka." Akacheka na yeye, kisha akafuta macho.

Basi muuzaji akahangaika siku zile, maskini. Alirudi nyumbani anakohoa mpaka mkewe akamfukuzia sebuleni.

"Kakohoe huko! Umepatwa na nini?"

"Vumbi tu la yadi, mke wangu."

Sasa kidole cha mjane kilikuwa kimelipata tundu. Kikalipapasa taratibu, kikabaki hapo.

"Namba si zile," alisema.

"Zilibadilishwa, mama. Limeshapita mikono miwili."

Hakuuliza tena. Aliketi kwenye usukani, akalaza shavu kwenye kiti, akalia kwa sauti.

"Ndilo. Hata harufu yake bado imo! Nimeuza kiwanja tulichotaka kujenga, wanangu wananiona nimerukwa na akili. Wacha waseme. Mungu akulipe, mwanangu."

"Amina, mama," alijibu muuzaji, na machozi yakamlenga kweli.

Gari likatoka getini polepole. Bosi akampiga begani. "Wewe kiboko! Maneno yako yanamtoa nyoka pangoni."

Muuzaji aliingia ofisini, akafungua droo, akatoa pakiti ya sigara na kuitupa kwenye ndoo ya taka. Zilikuwa zimebaki mbili tu. Na mtu huyu, mpaka wiki iliyopita, hakuwahi kuvuta hata moja.