Zubaa Afumbua Macho

"Fumbua macho, Zubaa," alisema mwalimu wa maigizo. "Mama yako amebadilisha nini?"

Mama alikuwa ameshatoka nyuma ya mlango, amesimama katikati ya darasa akijichekea. Alikuwa amekuja kumtoa mwanawe kwenye kikundi cha maigizo. "Mtoto akitumwa chumvi analeta kiberiti, halafu nyinyi mnamfundisha kucheza?" Mwalimu akamwomba wajaribu mchezo huu mmoja tu: mama ajifiche, abadilishe kitu kimoja alichovaa, na mtoto akitambue. Zubaa akishindwa, amchukue waende zao.

Zubaa alimtazama mama bila haraka. Hereni. Kilemba. Pini ya blauzi, iliyoinama kidogo upande wa kulia.

"Kazubaa tena huyo!" wenzake wakanong'ona.

Akasogea karibu hadi akasikia harufu ya sabuni mikononi mwa mama. Akakagua vidole, akazunguka nyuma, akarudi mbele.

"Mama," alisema, "hukubadilisha kitu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu akageuka. "Dada, ni kweli?"

Mama akatazama dari, akatazama sakafu, midomo ikimchezacheza. Kisha akamshika mwanawe mabega na kumgeuza uso ukutani.

"Fumba macho vizuri," alisema, akianza kuvua hereni moja. "Na usichungulie, mjanja wewe."