Mfungwa Asiye na Kosa

Kipigo cha tatu kilipasua ubao wa mlango, lakini mkunga hakugeuka. Alikuwa anatandaza kitambaa cha pamba kitandani, akikinyoosha kwa kiganja kama mtu mwenye mchana mzima wa kupoteza.

"Mama, anaingia!" binti yake alilia kando ya kabati. Mdomo wake ulikuwa umepasuka, na damu ilikuwa imemkaukia kidevuni.

"Namsikia. Mimi ni mzee, si kiziwi. Mtoto kwanza, vita baadaye."

Binti alikuwa ameingia robo saa tu iliyopita, anahema, furushi kifuani. Alijifungua jana, alisema. Mume akamfuata wodini, akampiga mbele za watu, akaapa kumnyang'anya mtoto. Ndipo akatoroka. Mkunga alinyoosha mkono ampapase tumbo, kama alivyopapasa matumbo ya wazazi miaka thelathini, lakini binti aliruka nyuma. "Usinishike, mama. Kote kunauma."

Mkwe huyo mkunga hakuwahi kumtia machoni. Walioana mbali, na simu yake ya vitufe haipokei picha. Leo ndiyo mara ya kwanza mkwe anabisha hodi, na anabisha kwa mateke.

Lakini kilichomtisha zaidi kilikuwa furushi lenyewe. Blanketi zito, limekazwa mpaka miguu imenyooka kama vijiti, na ncha moja imefunika uso. Alipolifungua, kichanga alikuwa ameloa jasho, mdomo wazi, anatafuta hewa.

"Umefunga mtu au mzigo wa kuni? Ungeniletea maiti, mwanangu."

"Nilikuwa nakimbia, mama."

Bamu! Kitasa kikaruka, kikaangukia uvunguni. Meza waliyoegemeza mlangoni ikasogea shubiri moja.

"Nipe mwanangu!" sauti ya mwanamume ilinguruma. "Wewe mwanamke, nikikutia mkononi nakuvunja shingo!"

Mkunga alimlaza mtoto juu ya kitambaa, mabega kwenye ukingo aliokuwa ameukunja. "Kitendawili," alimnong'oneza. Mtoto hakujibu, basi akajijibu mwenyewe. "Tega. Nina mfungwa asiye na kosa, nikimfunga analala, nikimfungua analia."

Akamkunjia mkono mmoja kifuani, akavuta ncha ya kitambaa, akaipitisha chini ya mgongo. Wa pili vivyo hivyo. Huku chini akaacha nafasi, miguu ikunjike na kupanuka kama ya chura, maana nyonga changa hazitaki kulazimishwa. Mwisho akapenyeza vidole viwili kati ya kitambaa na kifua. Vikapita. Shingo wazi, uso wazi. Mtoto akavuta pumzi ndefu, akafumba macho.

"Umeona? Abanwe mikono, asibanwe pumzi. Mlaze chali, na usimwekee kitu karibu na uso."

Kisha mkunga akachukua pasi ya chuma juu ya kabati, akaipima uzito.

Meza ilipinduka. Mwanamume aliingia kwa bega, nondo mkononi, shati limechanika, kucha za mtu zimemchora mistari minne shavuni. Hakumtazama hata mkunga. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kitandani.

Pasi ikatua kwenye kiwiko chake. Mfupa ulilia, nondo ikaanguka. Alimsukuma mkunga kwa mkono uliobaki, mgongo wa bibi yule ukagonga ukuta, akateleza mpaka sakafuni. Akainuka. Akampiga pasi ya bega.

"Bibi, niache! Mimi nataka mwanangu tu!"

"Baada ya kumpasua mama yake mdomo?"

"Mama yake? Mama yake sijamgusa!"

"Na uongo juu!" Mkunga alitema damu. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wewe unaujulia wapi?"

Akaishusha pasi kwa mikono miwili. Ilimpata juu ya sikio. Mwanamume alipiga magoti kama anayeomba, kisha akaenda kifudifudi, mkono wake mzima umenyooka kuelekea kitandani. Vidole vilicheza kidogo, vikatulia. Damu ilianza kujitafutia njia sakafuni.

Mikono iliyopokea watoto wa mtaa mzima iliiachia pasi ikadondoka.

Ndipo mtoto akalia. Hakikuwa kilio cha joto wala cha woga. Mkunga alikijua: njaa.

"Mpe ziwa," alisema.

"Baadaye, mama. Tuondoke kwanza."

"Niondoke na mtoto mwenye njaa? Keti hapo."

"Maziwa bado hayajatoka."

"Yataitwa na mtoto mwenyewe. Maziwa hayaji kwa barua."

Binti hakucheka. Alimtazama mwanamume pale chini, akatazama mlango uliovunjika, akalikumbatia tumbo lake kwa mikono yote miwili. "Mama, nakuomba. Nimeolewa miaka saba. Usinifungue."

"Kwani miaka saba ndiyo imekutia aibu mbele yangu? Mimi si ndiye niliyekuosha ukiwa huna hata jino?" Mkunga alimketisha kando ya kichanga, akamwondoa mikono taratibu, kama anavyowafanyia wazazi wote waoga wa mara ya kwanza. Akafungua kifungo cha juu. Akafungua cha pili, na cha tatu.

Blauzi ikaachia. Ndani yake, juu ya tumbo bapa lisilo na hata alama ya kubeba mtu, ulikuwa umefungwa mto wa kochi kwa mkanda.