Maua Yanayochelewa

Siku hizi kila nyumba ina ukuta unaougeuza muziki kuwa picha, na kila ukuta hujifunza mkono wa mwenye nyumba hadi kuuiga. Mbaraka hakujali hilo la pili. Alichotaka ni mkewe Mwantumu, ambaye masikio yake yaliziba kabisa miaka mitatu iliyopita, aendelee kufaidi taarabu kwa macho.

Basi kila alasiri huweka wimbo, akapakata kibodi yake ya zamani ya kompyuta na kuziongoza picha mwenyewe. Akibonyeza M, mawimbi ya ngoma hupita ukutani. Akibonyeza Kontroli na F kwa pamoja, fidla huchanua maua ya zambarau. Ila fidla humteka mwenyewe. Kila ikiingia hufumba macho, na maua hutoka yamechelewa. Mwantumu, anayezijua nyimbo zote kwa ghibu na kuhesabu mapigo yake kwa kidole cha mguu, hamwachi.

"Baba Siwema, umesinzia tena," humwambia. "Lakini usijirekebishe. Hapo ndipo ninapojua ni wewe."

Jana wimbo ukiendelea, Mbaraka aliinuka kummiminia chai, birika mkono huu, kikombe mkono ule. Kibodi ilibaki kitini. Fidla ikaingia. Ukuta ukangoja kidogo, vilevile anavyongoja yeye, kisha ukachanua.

Mwantumu akacheka, macho yake hayajabanduka kwenye maua.

"Umechelewa tena, mume wangu."

Mbaraka akaliweka birika chini taratibu, akarudi kitini, akaipakata kibodi na kuweka vidole juu yake kabla mkewe hajageuka.