Mashimo ya Mzee Kakakuona

Zamani, udongo ulipokuwa bado laini, Kakakuona aliwachimbia watoto wa bondeni mashimo ya kujifichia, wakakua wakicheza kombolela humo. Uzeeni akachimba mengine mapya. Ngiri, mmoja wa watoto wale, aliyezoea kumjia na malalamiko kila mara, akaja juu.

"Mzee, haya siyo! Tunataka yale yetu ya utotoni!"

"Haya, mwanangu," akasema Kakakuona, akawafukulia yale yale ya zamani.

Ngiri akajitosa kwa shangwe, akakwama kiunoni.

"Umeyapunguza!" akalia.

Kakakuona akamvuta taratibu, akampangusa vumbi. "Sikuyagusa. Ni wewe umekua."

Kwa aibu, Ngiri akajaribu shimo jipya alilolikataa. Likamkaa sawasawa, mpaka pembe zake.

"Mzee, ulinipima lini?"

"Kila ulipokuja kunilalamikia."