Vyura wa Kinamasi Baani kwa Kiboko

Hapo kale palikuwa na bendi ya roki iliyoitwa Vyura wa Kinamasi, si Vyura wa Bwawa kama wengi walivyozoea kuiita. Mpiga gitaa wake, Mkoromo, aliujua udhaifu wao: wakisikia kishindo cha mguu, wote hunyamaza.

Siku ya onyesho lao la kwanza, Kiboko mwenye baa aliwaonya, "Wanangu, mkikatiza wimbo hata mara moja, jukwaa nampa Kunguru."

"Kaeni karibu na mlango, jamani," Kunguru akawaambia vyura. "Koo langu nimeshalipasha moto."

Wimbo ulipokolea, Nyati, mmoja wa wateja, alishindwa kujizuia, akainuka kucheza na kupiga kishindo. Vyura wakanyamaza papo hapo. Mkoromo akainamisha kichwa kwa aibu. Lakini wateja walikuwa wamepandwa na mori, wakaujaza ukimya ule kwa kuimba kiitikio wenyewe. Mkoromo akalirudia gitaa, wenzake wakamfuata. Nyati akakanyaga tena, safari hii makusudi. Vyura kimya, baa nzima ikaimba.

"Wamekatiza mara mbili," Kunguru akalalamika.

"Nyamaza, unatuharibia," Kiboko akamjibu, naye akaingia kucheza.

Mkoromo, aliyeviogopa vishindo tangu kuzaliwa, akainua gitaa akikingoja kishindo cha Kiboko.